Plako inaachia ukuta, plinti inachomoka: tafuta sababu kabla ya kola

Kabla hujanunua kola, yaani gundi, au chochote kingine, gonga ukuta. Kishikio cha bisibisi kinatosha. Anza karibu na sakafu, panda hadi usawa wa kifua, sogea hatua moja upande, rudia. Plako, yaani bodi ya jasi, ikiwa imeshika vizuri hutoa sauti fupi na nzito penye bonge la gundi, na sauti ya wazi kati ya bonge na bonge. Hapo hakuna ubaya, kwa sababu bodi hubandikwa kwa mabonge, si kwa gundi iliyopakwa kote. Ubaya uko pale sauti ya wazi inapoendelea bila kukatizwa, au unaposikia kitu kikicheza nyuma, tak-tak: hilo ni bonge lililobaki kwenye bodi likigonga tofali.

Chukua penseli. Panaposhika weka duara, pasiposhika weka msalaba. Misalaba ikijaa chini tu, shuku maji. Ikitawanyika ukuta mzima, shuku vumbi, rangi ya zamani au gundi yenyewe. Ikizunguka fremu ya mlango, tazama kwanza watoto wanavyoufunga huo mlango.

Nasisitiza kugonga kwa sababu hapa Lubumbashi matengenezo ya namna hii huanzia dukani. Mama mwenye nyumba anamwita fundi: «Fundi, plako iko naachia ukuta, leta tu kola.» Fundi anayeijua kazi atamjibu: «Mama, kola itashika nini? Nyuma kuko maji.» Anayetaka kumaliza kabla ya jua kuzama ataleta kola, atagandamiza bodi kwa ubao, ataondoka na pesa yake. Mvua ya mwezi wa kumi na moja ikinyesha, bodi inarudi ilipokuwa.

Chini kumelegea, juu kuzima

Hili ndilo tatizo linaloonekana zaidi, na ndilo linalotengenezwa vibaya zaidi. Bodi imevimba karibu na sakafu, karatasi yake inachubuka, rangi imefanya malengelenge, plinti, ule ubao unaozunguka chini ya ukuta, imepinda au misumari yake imeota kutu. Ukibonyeza kwa kidole gumba, jasi inaingia ndani.

Ng'oa plinti yote ya ukuta huo. Usiivunje: pitisha kisu kwenye mstari wa rangi juu yake, ingiza tindo pana, weka kipande cha ubao nyuma ya tindo ili usitoboe bodi, kisha sukuma polepole kutoka msumari hadi msumari. Sasa utaona nafasi iliyofichwa nyuma. Bodi ilipaswa kuinuliwa kama sentimita 1 kutoka sakafuni. Mara nyingi utaikuta imekaa moja kwa moja juu ya simenti, na kila ndoo ya maji iliyomwagwa kuosha sakafu imenywewa kutoka chini. Wapenzi wa kumwaga maji na kuyasukuma kwa mpira mtanisamehe, lakini plako haiwezi maisha hayo.

Kama nafasi ya chini ipo na bado kumelowa, maji yanatoka kwenye tofali. Kata dirisha dogo kwenye bodi iliyoharibika, fikia tofali, libandike kipande cha nailoni chenye ukubwa wa karatasi ya daftari, ukizibe kingo zote kwa utepe. Acha siku mbili. Matone yakitokea upande wa nailoni unaotazama tofali, ukuta wenyewe unatoa maji. Yakitokea upande wa chumba, ni mvuke wa ndani: bafu lisilo na dirisha, au jiko linalochemsha maharage mchana kutwa huku mlango umefungwa.

Ukuta ukiwa ndio unaotoa maji, jiulize yanatoka wapi, na hapa majira yetu yanasaidia kuliko kifaa chochote. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa Lubumbashi ni kavu. Ukuta uliolowa mwezi wa pili unaweza kuwa umelowa kwa mvua, kwa paa, kwa udongo, kwa lolote. Ukuta ulio mbichi mwezi wa nane, wakati majani yote ya uwanjani yamekuwa kahawia, hauna mvua ya kulaumu: shuku bomba, tanki au shimo la maji machafu. Funga mabomba yote jioni, weka alama ya usawa wa maji kwenye tanki, usiku huo mtu asitumie maji. Asubuhi maji yakiwa yameshuka, kuna mahali yanapopita.

Ikiwa unyevu unakuja na mvua na kuondoka na mvua, toka nje uzunguke nyumba. Kosa utalikuta kwa macho. Udongo wa uwanja umepanda. Kila mwaka unafagiwa kuelekea ukutani, mvua inaleta mwingine kutoka kwa jirani, na baada ya muda ardhi ya nje iko juu kuliko sakafu ya ndani. Au mtu amemwaga simenti kuzunguka nyumba, akaipa mteremko unaoelekea ukutani badala ya kuondoka nao. Au bati halina mfereji, maji yanaanguka kwenye mstari mmoja na kurukia matofali ya chini. Katika nyumba za zamani za Kamalondo na Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, usitegemee kukuta kizuizi cha unyevu kati ya msingi na ukuta. Tofali la kuchoma lililokaa juu ya udongo mbichi hunyonya maji, yakapanda, kwa kawaida hadi kwenye usawa wa mita moja hivi, na yanapoishia huacha mstari wa chumvi nyeupe.

Chimba udongo wa nje ushuke angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu ya ndani, upe mteremko wa kukimbia nyumba, weka mfereji. Ndani, ondoa bodi iliyooza na uache tofali wazi lipumue. Chumvi isugue kwa brashi kavu. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani ya tofali, halafu inatoka tena. Ukuta wa tofali hukauka kwa miezi, si kwa wiki, kwa hiyo aliye na akili ya kalenda atabomoa mvua zinapoisha na kurudisha bodi mwezi wa nane au wa tisa. Najua ni kuishi na ukuta mwekundu sebuleni muda wote huo. Sogeza kabati jingine, lakini si mbele ya ukuta huo.

Neno moja juu ya plako ya kijani, ile inayouzwa kama dawa ya maji. Inavumilia mvuke wa chumba kuliko ile nyeupe, na bafuni nitaichagua bila kusita. Haizuii maji yanayotoka nyuma, kwenye tofali. Gundi ya jasi inayoishikilia ndiyo italainika kwanza.

Bodi inacheza kila mahali, ila kavu kabisa

Toa kipande kimoja cha bodi iliyolegea na utazame mgongo wa bonge. Hapo pana habari yote, na ni kazi ya dakika tano tu.

Ukikuta bonge zima limebaki kwenye bodi, na mgongo wake umepakwa unga mwekundu kama aliyekalia udongo, basi lilishika vumbi, halikushika tofali. Tofali halikusuguliwa, au lilikuwa kavu sana likafyonza maji ya gundi kabla haijakomaa. Ukikuta mgongo laini, unang'aa, na umechukua ngozi ya rangi, basi gundi ilipakwa juu ya rangi ya mafuta. Nyumba nyingi za mjini zilipakwa rangi ya mafuta nusu ya chini ya ukuta ili iwe rahisi kufutwa, na hapo ramani yako ya misalaba itakudanganya: inajaa chini kama ya unyevu, kumbe ni kukavu. Ukikuta bonge limebaki ukutani na bodi imetoka safi, gundi ilipakwa ikiwa imeanza kuganda kwenye ndoo, au bodi ilisogezwa baada ya kukaa. Na ukilisaga bonge kwa vidole likawa unga, gunia lilikuwa limepigwa na unyevu dukani kabla halijafika kwako.

Kila jibu lina dawa yake. Vumbi: brashi ngumu, kisha ukuta unyunyiziwe maji kidogo, uwe na ubaridi bila kutiririka, ndipo upake. Rangi ya mafuta: ichongwe kwa tindo, alama karibu karibu, hadi krepi, yaani plasta, ionekane. Gundi iliyoganda: changanya kidogo kidogo, na usiongeze maji kwenye ndoo iliyoanza kukaza ili «kuiamsha». Haiamki.

Mabonge yenyewe yawe na upana wa kama sentimita 10, umbali wa sentimita 30 hadi 40 kati yao, na chini, mahali plinti itakapokaa, uyasogeze yakaribiane au upige mstari mmoja mfululizo. Plako ya kawaida ina unene wa milimita 12.5, na bamba la sentimita 120 kwa 250 lina karibu kilo 28. Mabonge manne ya pembeni na moja la katikati hayawezi kubeba uzito huo, hata kama fundi anaapa.

Je, lazima ung'oe bamba zima? Hapana, ikiwa ni kavu, limenyooka na halijavunjika. Toboa matundu ya milimita 8 kwenye misalaba, ukipita bodi hadi ndani ya tofali, ingiza shevili ndefu (kile kidude cha plastiki kinachoshika skrubu ndani ya tundu) na skrubu yake, kaza polepole hadi kichwa kizame chini kidogo ya uso bila kupasua karatasi. Karatasi ndiyo nguvu ya plako. Ukiipasua, skrubu inashika jasi tupu. Jambo la hatari hapa ni kukaza mahali ambapo nyuma hamna kitu: bodi inavutwa ndani, na sentimita 50 juu yake inafunguka nje. Kwa hiyo kabla ya kukaza, ingiza povu lisilopanuka sana kupitia tundu la pembeni, shikilia bodi kwa ubao na mhimili hadi ligande, ndipo ukaze. Na kabla ya tundu lolote zima umeme kwenye swichi kuu. Nyaya mara nyingi hushuka wima kutoka kwenye swichi na prizi (soketi), lakini nyumba zilizoongezewa vyumba mara kwa mara zina nyaya zinazokimbia mlalo, juu kidogo tu ya plinti.

Skrubu ya plinti inazunguka bila kukaza

Hapa wengi huilaumu shevili. Piga hesabu kwanza. Plinti ya mbao ina milimita 15. Plako 12.5. Nafasi ya gundi nyuma yake, tuseme 10, na kwa matofali yetu yasiyonyooka inaweza kufika 20. Tayari ni milimita 37.5 na hujagusa tofali. Kama tofali lina krepi ya milimita 15, ni 52.5. Skrubu ya milimita 50 uliyouziwa «ya plinti» inaishia kwenye krepi, au inagusa tofali kidogo tu. Unataka shevili iwe na milimita 40 ndani ya tofali lenyewe, kwa hiyo nunua skrubu za 80, na palipo na krepi za 100. Plinti iliyoshikwa na plako peke yake itang'oka siku kochi litakapoisukuma, na itaondoka na kipande cha bodi.

Urefu ukiwa sawa na bado inazunguka, tatizo ni tofali. Matanuru yetu ya pembezoni mwa mji hayachomi sawasawa: matofali ya katikati yanaiva hadi yanalia kama chuma yakigonganishwa, ya pembeni yanabaki laini, na yote yanaingia kwenye ukuta mmoja. Msumari utakuambia: ukikwaruza tofali na msumari ukachora mfereji kirahisi, hilo halitashika shevili ya kawaida.

Kwenye tofali laini, zima mtikiso wa mashine ya kutoboa, acha izunguke tu. Anza na ncha ya milimita 6, tazama unga. Ukitoka taratibu, wenye chembe, panua hadi 8. Ukimwagika kama unga wa muhogo na ncha ikayumba, achana na tofali hilo, sogea sentimita 10 upande hadi tofali linalofuata. Puliza tundu kwa mrija hadi lisitoe vumbi (fumba macho, na mdomo ufunike), maana shevili iliyokaa juu ya unga haina inachokishika. Unaweza pia kulenga kiungo kati ya matofali ikiwa kimejengwa kwa simenti, kwa kuwa huwa kigumu kuliko tofali baya. Nyumba iliyojengwa kwa udongo, usithubutu. Hapo tanua tundu, lilowe, lijaze simenti na mchanga laini, zamisha shevili ndani yake, rudi kesho au keshokutwa. Umeme ukienda katikati ya kazi, hii ndiyo hatua nzuri ya kuendelea nayo kwa mkono.

Mafundi wa zamani hupigilia vijiti vya mti kwenye viungo na kupiga misumari humo. Inashika kweli, mwaka wa kwanza. Halafu kijiti kinakauka na kusinyaa, au kinapata wageni wa sehemu inayofuata.

Plinti inatoa sauti ya karatasi ukiibonyeza

Ukibonyeza kwa bisibisi inaingia bila upinzani, ndani ni vyumba vyumba na udongo. Mchwa. Huhitaji uchunguzi zaidi ya kufuata vijia vyao vya udongo: ng'oa plinti, utaviona vikipanda kutoka kwenye ufa kati ya sakafu na ukuta, vikipita nyuma ya plako, wakati mwingine hadi kwenye fremu ya dari. Wanakula pia karatasi ya plako, jambo linalowashangaza watu. Jasi wanaiacha, lakini bila karatasi inabomoka yenyewe. Katanga ni nchi ya vichuguu vikubwa, na udongo wa vichuguu hivyo ndio tunaofyatulia matofali, kwa hiyo si ajabu wakikuta nyumba pazuri.

Kuvunja vijia na kuweka plinti mpya juu yake ni kuwapelekea chakula kingine. Fuata kijia hadi kinapoingia, kifungue, tibu ufa na udongo wa nje kwa dawa ya mchwa kufuatana na maelekezo ya chupa yake, ziba ufa wa sakafu kwa simenti. Kabari za mbao zilizosahauliwa chini ya bodi wakati wa ujenzi zitoe zote. Nyingi huachwa humo, na ndizo ngazi yao ya kwanza. Kisha plinti mpya ipakwe dawa na rangi pande zote nne kabla ya kufungwa, mgongo na ukingo wa chini vikiwemo. Upande usioonekana ndio unaoliwa.

Kwa jiko na bafu mimi ningeacha mbao kabisa, niweke plinti ya vigae. Lakini kigae kikibandikwa juu ya plako laini kitaanguka nayo, hivyo ukanda wa chini uwe krepi ya simenti juu ya tofali, na plako ianzie juu yake.

Kurudisha vyote mahali pake

Palipooza, usikate kwa kufuata umbo la doa. Piga mstari ulionyooka kwa pimamaji, angalau sentimita 10 juu ya mahali bodi ilipo ngumu, ukate ukanda mzima. Kipande kipya kiwe na unene uleule, la sivyo plinti itaonyesha ngazi. Kiinue sentimita 1 kutoka sakafuni kwa vipande vya kigae, uvitoe gundi ikikaza. Kiungo pigia utepe wa karatasi na jasi ya kujazia, mikono miwili au mitatu, ukisugua kati yake.

Plinti sasa. Usiilazimishe ifuate ukuta uliopinda. Iweke, tazama mwanga unapopita nyuma yake, uweke alama za skrubu pale inapogusa. Palipo na pengo kubwa, tia kipande cha plako nyuma, kisha ufunge. Umbali wa sentimita 50 hadi 60 kati ya skrubu unatosha, na moja karibu na kila mwisho. Pembeni, kata ncha moja inyooke hadi ukutani na nyingine ichongwe kufuata umbo la mwenzake. Kona za nyumba zetu si za digrii 90, na aliyekata 45 kwa 45 ataishia kujaza mastiki, ile dawa laini ya kuziba nyufa. Mastiki iwe ya akriliki. Silikoni haipakiki rangi, mstari wake utabaki uking'aa.

Usishangae mwezi wa tisa au wa kumi ukiona uwazi mwembamba kama unene wa kadi kati ya plinti na ukuta, hata kazi ikiwa nzuri. Hewa imekauka, mbao imesinyaa. Gonga bodi juu yake: sauti ikiwa ileile ya siku uliyomaliza, acha. Mvua zikishakolea, mwezi wa kwanza, tazama tena, na kama bado uko wazi pitisha mastiki wakati huo mbao imejaa.